Aliyeshindwa Vita Hufungua Duka

Nchini Uganda mtu akienda kununua nyama, awe Masaka walikojaa Wakatoliki au Mukono penye Waanglikana wengi, karibu kila mara atauziwa nyama iliyochinjwa na Mwislamu. Bucha yenyewe yaweza kuwa ya Mkristo, na juu ya mlango wake pakawa pameandikwa aya ya Zaburi kwa rangi nyekundu, lakini alfajiri kule machinjioni aliyeshika kisu na kutamka Bismillahi alikuwa Mwislamu. Desturi hii imezoeleka kiasi kwamba haiulizwi. Anayeiuliza hujibiwa kwamba ni suala la dini: Mkristo anaweza kula alichochinja Mwislamu, ilhali Mwislamu hali alichochinja mtu yeyote tu, kwa hiyo mwenye bucha anayejua biashara humtafuta mchinjaji ambaye nyama yake italiwa na wote. Jibu hilo ni la kweli, ila linaishia njiani. Halielezi kwa nini Waislamu wa Buganda, ufalme wa katikati ya Uganda, walijaa pia katika udereva wa malori na taksi, katika biashara ya ngozi na katika maduka madogo ya rejareja, huku katika ofisi za serikali ya kikoloni na katika safu ya machifu wakiwa wachache mno. Maelezo ya hilo yamo katika vita walivyoshindwa kati ya mwaka 1889 na 1893.

Mazungumzo yetu kuhusu jamii za wafanyabiashara huanza kwa kudhani kwamba jamii hizo zilizaliwa hivyo. Husemwa kwamba Mhindi ana biashara damuni, na Msomali vilevile, kisha husimuliwa jinsi fujo za dini na siasa zilivyowakuta madukani mwao zikawafukuza. Katika masimulizi hayo duka hutangulia na fujo hufuata. Nikiitazama historia ya Uganda naona kwamba mara nyingi mambo yalikwenda kinyume chake. Fujo zilitangulia, zikalinyima kundi fulani ardhi, vyeo na shule, kundi hilo likaingia katika biashara kwa kuwa ndio mlango uliobaki wazi, likafanikiwa, na mafanikio yenyewe yakalifanya liwe la kwanza kutazamwa kwa jicho baya utawala mwingine ulipoingia. Kuhama kwa wafanyabiashara ni sehemu ya pili ya habari hii, na sehemu ya kwanza ndiyo tunayoiruka.

Wanaoipinga hoja hii husema kwamba Uislamu uliletwa Buganda na wafanyabiashara, kwa hiyo si ajabu Waislamu kuwa wafanyabiashara. Ni kweli kwamba ulikuja na misafara ya pwani. Ahmed bin Ibrahim, mmoja wa wafanyabiashara wa kwanza wa pwani wanaojulikana kwa majina, alifika katika baraza la Kabaka (mfalme wa Buganda) Suuna II mwaka 1844, na baada yake walikuja wengi wakileta nguo, shanga na bunduki, na kuondoka na pembe za ndovu na watumwa. Lakini biashara hiyo ilikuwa ya ikulu. Mgeni aliishi katika mji mkuu kwa ruhusa ya Kabaka, akamuuzia Kabaka kwanza, wala hakuwa huru kuzunguka vijijini apendavyo. Waganda waliosilimu hawakujifunza uchuuzi kwake. Walijifunza kusoma, kuandika na kuswali. Walikuwa vijana wa ikulu, watunza ghala, wabeba bunduki na watoto wa machifu. Mwaka 1876 Kabaka Mutesa I aliwaua makumi yao huko Namugongo, mahali palepale ambapo miaka kumi baadaye waliuawa mashahidi wa Kikristo, na miongoni mwa makosa waliyoshitakiwa lilikuwa kukataa kula nyama iliyochinjwa na wachinjaji wa Kabaka. Hao walikuwa watumishi wa dola waliogombana na dola. Hawakuwa wenye maduka.

Mwezi Septemba 1888 Waislamu na Wakristo waliungana kumwondoa Kabaka Mwanga, na mwezi uliofuata Waislamu wakawafukuza Wakristo mjini, wakamtawaza Mwanamfalme Kalema baada ya nduguye Kiweewa, aliyempokea Mwanga kiti, kuwakatalia tohara. Wafanyabiashara wa pwani waliokuwapo waliyaunga mkono mabadiliko hayo, kwa kuwa kabaka Mwislamu kwao alikuwa na maana ya soko lisilo na wamisionari wa kuwaingilia. Wakristo walikimbilia Kabula, mpakani mwa Ankole. Mwanga alikuwa amekwisha vuka ziwa kuelekea kusini. Aliyemrudisha alikuwa Charles Stokes, mmisionari wa zamani aliyeiacha kazi hiyo akawa mfanyabiashara wa pembe na silaha, ambaye mashua yake iliwabeba walioshindwa hadi wakawa washindi. (Stokes mwenyewe alinyongwa nchini Kongo mwaka 1895 kwa amri ya ofisa wa Kibelgiji aliyemshitaki kwa kuwauzia silaha maadui. Mfanyabiashara anayechagua upande hulipwa vizuri kwa muda tu.) Kufikia mwaka 1890 Waislamu walikuwa wamesukumwa hadi ufalme jirani wa Bunyoro kwa Omukama (mfalme) Kabarega, na watu wa pwani walioweka mali na matumaini yao kwa Kalema walikuwa wamelipoteza soko la Buganda.

Kisha washindi nao wakagombana. Tarehe 24 Januari 1892, huko Mengo, Waprotestanti wakisaidiwa na bunduki za Maxim za Kapteni Lugard, Mwingereza, waliwashinda Wakatoliki, chama kilichoitwa cha Wafransa kwa sababu ya mapadri wao. Wafransa wakahamia Buddu, saza (wilaya ya Buganda) kubwa la kusini lenye ardhi nzuri karibu na ziwa. Waislamu waliporudishwa kutoka Bunyoro walipewa masaza matatu madogo, na baada ya uasi wao wa 1893 wakabakiwa na Butambala peke yake, huku kiongozi wao, Mwanamfalme Nuhu Mbogo, akipelekwa uhamishoni Zanzibar. Mkataba wa 1900 kati ya Uingereza na Buganda uliyapiga muhuri matokeo hayo yote. Katika mgawo wa ardhi ya mailo (ardhi ya milki ya kudumu iliyogawiwa kwa maili), uliowapa machifu na watu binafsi maelfu ya maili za mraba, Mbogo na wafuasi wake waliandikiwa maili 24.

Sasa na tuyalinganishe makundi haya mawili yaliyoshindwa, kwa sababu historia si mara nyingi hutupatia jaribio lililo wazi namna hii. Wakatoliki walishindwa vita lakini walipata Buddu. Walilima kahawa, wakajenga makanisa na seminari, wakasomesha watoto, na mwaka 1939 Masaka ikampata Joseph Kiwanuka, Mwafrika wa kwanza wa zama hizi kuwa askofu Mkatoliki. Hawakugeuka kuwa jamii ya wafanyabiashara kwa sababu hawakulazimika. Waislamu walishindwa na wakakosa ardhi. Shule nazo zilikuwa mikononi mwa wamisionari, Namilyango tangu 1902 na Budo tangu 1906, na mzazi Mwislamu alijua kwamba mtoto anaweza kuondoka nyumbani akiitwa Yahya akarudi akiitwa Yohana. Asiye na shule hakuweza kuwa karani. Asiye na mailo hakuweza kuwa mwenye nyumba wala chifu. Kilichobaki ni kazi ambazo hazikuuliza cheti wala hati ya ardhi: kisu, lori, ngozi, meza ya bidhaa barazani. Na kwa kuwa Butambala ilikuwa ndogo, walisambaa Busoga, Toro na Ankole, na kila kituo cha biashara kilipochipuka kando ya barabara mpya, waliotangulia kukodi vyumba mara nyingi walikuwa wao. Kama biashara ingekuwa mambo ya damu, Waganda hawa waliokuwa ndugu wa koo moja, wenye miiko ileile na lugha ileile, wasingeachana njia katika kizazi kimoja.

Mkondo huu haukuanzia kwetu. Waprotestanti wa Ufaransa walikuwa wamefungiwa milango ya vyeo na taaluma mmoja baada ya mwingine kabla Louis XIV hajaifuta Amri ya Nantes, iliyowaruhusu kuabudu, mwaka 1685, na zaidi ya watu 150,000 waliokimbia baada ya hapo walibeba ufundi na biashara kwa sababu ndivyo walivyoachiwa. Waquaker wa Uingereza, waliozuiwa vyuo vikuu na nafasi za serikali kwa kukataa kanisa la dola, waliingia katika benki. Familia zao ndizo zilizoanzisha Barclays, ambayo wazee wetu waliifahamu kwa matawi yake ya enzi ya ukoloni bila kujua kwamba chanzo chake ni watu walionyimwa kazi kwa ajili ya dini.

Kuhusu Waasia wa Uganda inapasa kuwa mwangalifu zaidi, maana si wote walikuwa wakimbizi wa dini. Wapo ambao imani yao ina historia ya kuhama: Imamu wa Waismailia, Aga Khan wa kwanza, aliikimbia Iran katika miaka ya 1840 baada ya kushindwa na dola ya Wakajari, na makao ya uongozi wa Mabohora yalihamishwa kutoka Yemen hadi Gujarat katika karne ya 16. Lakini wengi waliokuja Afrika Mashariki walisukumwa na ukame na uhaba huko Kutch na Kathiawar, na walivutwa na faida. Wala wote hawakuwa wafanyabiashara walipotoka kwao. Akina Patel, ambao jina lao kwetu limekuwa kama jina jingine la duka, walitoka katika jamii ya wakulima wa Gujarat. Kati ya vibarua wapatao 32,000 walioletwa kutoka India kujenga reli kati ya 1896 na 1901, waliobaki baada ya kazi hawakufika robo. Duka lilienea kwa njia nyingine, njia ya watu kama Allidina Visram, Mwismailia aliyefika pwani akiwa kijana, akafuata njia za misafara kutoka Bagamoyo hadi Kampala, akaweka duka baada ya duka na katika kila moja mtu wa kwao.

Walipokuwa wamekwisha fika, siasa ya kikoloni iliwapangia mahali pa kusimama. Ardhi ya mailo hawakuweza kuinunua bila idhini ya serikali. Nafasi za juu serikalini zilikuwa za Wazungu. Machifu walikuwa Waafrika. Katikati palibaki kaunta. Mkulima wa pamba wa Busoga au Teso, aliyelazimishwa na serikali kulima na kulipa kodi, hakumwona Gavana aliyepanga bei. Alimwona mwenye mizani. Vinu vya kuchambua pamba vilikuwa mikononi mwa Waasia na Wazungu, leseni zikitolewa kwa namna iliyomwacha Mwafrika nje, na ghasia za Buganda za mwaka 1949 zilikuwa na dai hilo ndani yake: wakulima walitaka kuchambua na kuuza pamba yao wenyewe. Dai hilo lilikuwa la haki, na ni uvivu kuwasimulia Waasia kama wahanga tu bila kulitaja. Wapo waliowalipa wafanyakazi wao ujira wa kudhalilisha, na wapo walioishi nchini miaka hamsini bila kumkaribisha Mwafrika mezani kwao.

Miaka kumi baadaye, mwaka 1959, chama cha Uganda National Movement chini ya Augustine Kamya kilitangaza mgomo wa kutonunua bidhaa katika maduka yasiyo ya Waafrika huko Buganda. Maduka yalichomwa, wateja waliokaidi walipigwa, na katika miezi iliyofuata wenye maduka wa vijijini walifunga milango wakahamia Kampala na miji mingine. Tukio hili husahaulika kwa sababu limefunikwa na lile la 1972, ilhali ndilo linaloonyesha jinsi wafanyabiashara wanavyohama hasa. Hawangoji amri. Anayesoma daftari lake la madeni kila jioni huona, mwaka mzima kabla ya mwanasiasa kusema neno, kwamba wadaiwa wameanza kuchelewa kwa kiburi na kwamba muuzaji wa jumla ameanza kutaka fedha taslimu. Huanza kwa kumpeleka mtoto mmoja kusoma nje, kisha akiba kidogo, kisha pasi ya kusafiria ya nchi nyingine. Serikali nayo huyaona hayo na kuyaita usaliti. Katika miaka ya 1960 Waasia wengi walishika pasi za Uingereza na kuweka fedha zao London, na kila waliyemsikia akisema hawana uzalendo alikuwa akiwaongezea sababu ya kufanya hivyo. Mwezi Mei 1970 serikali ya Obote ilitangaza kuchukua asilimia 60 ya hisa katika makampuni makubwa. Amin alipopindua nchi Januari 1971, wapo wenye maduka walioshangilia.

Tarehe 4 Agosti 1972 huko Tororo Amin aliwatangazia Waasia siku 90 za kuondoka nchini. Idadi ya Waasia nchini haikuzidi sana 75,000. Hata wenye uraia wa Uganda walipanga foleni kuhakikisha hati zao, na maelfu ya hati hizo zilikataliwa. Uingereza iliwapokea takriban 27,000, Kanada zaidi ya 6,000, wengi wao Waismailia ambao njia yao ilirahisishwa na mazungumzo ya Aga Khan na serikali ya Pierre Trudeau. Baraza la mji wa Leicester lililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasiende huko. Walikwenda, kwa sababu huko walikuwako jamaa zao, na mfanyabiashara anayekimbia hafuati ramani ya serikali; humfuata binamu mwenye chumba cha ziada na jina linaloweza kudhamini mkopo.

Biashara na mashamba yapatayo 5,600 yaligawiwa, na kamati zilizogawa zilijaa wanajeshi. Waliopata wakaitwa mafuta mingi. Husimuliwa kisa cha mwenye duka mpya aliyeuza mashati kwa bei iliyoandikwa kwenye kola, asijue kuwa ile ilikuwa namba ya ukubwa. Kisa hicho kinachekesha na nadhani kinapotosha, maana kinafanya tatizo kuwa ujinga wa mtu. Mtu hujifunza bei kwa wiki moja. Kilichokosekana ni kitu ambacho hakikuwa rafuni. Duka la Mbale au Soroti lilikuwa ncha ya mnyororo wa mikopo uliotoka Bombay na Mombasa, ukapita kwa wauzaji wa jumla wa Kampala, hadi kwa mwenye duka aliyepewa shehena leo na kulipa baada ya mavuno. Mnyororo huo ulishikiliwa na ndoa, misikiti, mahekalu, na khofu ya kuaibika mbele ya jamaa. Amin aliweza kugawa kaunta, mizani na magunia ya sukari yaliyokuwamo siku ile. Hakuweza kugawa imani ya mtu wa Mombasa. Magunia yalipokwisha hakuna aliyeleta mengine kwa ahadi. Sukari yenyewe, iliyokuwa ikitengenezwa Kakira na Lugazi kwa kiasi cha karibu tani 150,000 kwa mwaka, ilishuka mwanzoni mwa miaka ya 1980 hadi tani elfu chache.

Lakini hata hapo fujo zilizaa wafanyabiashara wengine. Baridi kali ilipoiharibu kahawa ya Brazil mwaka 1975 na bei ya dunia ikapaa, wakulima wa Mlima Elgon waliokuwa wakilipwa na bodi ya serikali kwa shilingi isiyonunua kitu walivusha magunia usiku hadi Chepkube, upande wa Kenya, na gulio hilo la mpakani likawa na fedha kuliko miji kadhaa ya Uganda. Magendo lilikuwa kosa la kupigwa risasi. Lilikuwa pia, kwa miaka hiyo, biashara pekee ya nchi iliyokwenda.

Mafuta mingi nao zamu yao ilifika. Miongoni mwa waliogawiwa maduka walikuwamo Wanubi, wazao wa askari wa kikoloni waliotoka Sudan, na Waislamu wengi, ambao kwa mara ya kwanza tangu Kalema waliiona dola ikiwa upande wao. Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979, wenye maduka hao walikimbilia Sudan, Zaire na Kenya wakiacha kaunta zilezile walizokabidhiwa miaka saba nyuma, na waliobaki wakalipa kwa niaba ya waliokimbia: huko Bushenyi makumi ya Waislamu wa kawaida, wasiohusika na lolote, waliuawa na majirani zao mwezi Juni mwaka huo. Wapo waliokwisha andika mengi kuhusu 1972. Kuhusu 1979 tumeandika machache mno, nadhani kwa sababu waliofukuzwa safari hii hawakuwa na Leicester.

Walikuwa na Ariwara, mji mdogo wa mpakani upande wa Zaire. Wanajeshi wa zamani wa Amin waliposhambulia West Nile, kona ya kaskazini-magharibi alikotoka Amin, mwezi Oktoba 1980, jeshi jipya lililipiza kisasi kwa raia, na mamia ya maelfu ya watu, Walugbara, Waaringa, Wakakwa, Wamadi na Wanubi, wakavuka mpaka. Walioishi makambini Sudan walingoja mgawo. Walioishi katika miji midogo ya mpakani upande wa Zaire hawakuwa na mgawo wa kungoja, wakaingia sokoni: kahawa, dhahabu, sigara, vitenge, betri, sabuni. Walipoanza kurejea Arua katikati ya miaka ya 1980 walikuta mlango wa jeshi na wa serikali umefungwa kwa mtu yeyote ambaye jina lake lilisikika kama la watu wa Amin. Wazazi wao walikuwa wamekula mshahara wa jeshi tangu enzi ya King's African Rifles, jeshi la wakoloni. Kabla ya hapo ukanda huo haukuwahi kusifiwa kwa biashara. Ndani ya miaka kumi Arua ikawa mji wa wafanyabiashara wakubwa wa mpakani, na kando ya barabara zake vijana waliojulikana kama OPEC Boys waliuza petroli ya magendo katika madumu na chupa, wakijipanga kwa maeneo, wakiwa na viongozi wao, na wakiheshimiwa na wagombea ubunge waliojua kura ziliko. Ukiingia katika soko la Arua utasikia Kilugbara, Kinubi, Kilingala na Kiswahili katika mauziano ya kitenge kimoja. Mpatanishi wa lugha zote hizo mara nyingi ni mtu aliyezaliwa ukimbizini.

Mtaji wao wa kwanza, kwa hiyo, ulikuwa kushindwa kwenyewe: kwa kufukuzwa walipata jamaa upande wa pili wa mpaka, na jamaa wa upande wa pili ndiye anayekuamini mzigo usiolipiwa. Mkataba wa amani wa Sudan wa 2005 ulipoifungua Juba, watu wa Arua walikuwa miongoni mwa waliotangulia kufika. Mwezi Julai 2016 mapigano ya Juba yalipofumuka, jeshi la Uganda lilituma msafara wa magari kuwarudisha raia kupitia Nimule, na wafanyabiashara walioacha maghala yao nyuma walirudi na vifurushi, kama baba zao walivyovuka mwaka 1980 wakielekea upande mwingine.

Waasia nao walirudi, baadhi yao. Sheria ya Mali Zilizotaifishwa ya mwaka 1982 ilifungua njia, na katika miaka ya 1990 serikali ya Museveni ilirejesha maelfu ya majengo. Familia za Madhvani na Mehta zilikuwa zimekwisha rudi Kakira na Lugazi. Kwenye barabara kuu ya Jinja bado zipo nyumba za ghorofa moja zenye jina la mwenyewe na mwaka wa ujenzi vilivyofinyangwa kwenye lipu juu ya baraza. Chini ya jina la Kigujarati fundi cherehani Msoga anashona sare za shule, na ukiuliza nyumba ni ya nani waweza kupata majibu mawili au matatu, yote yenye karatasi. Kamati za Bunge zimekuwa zikichunguza jinsi Bodi ya Usimamizi wa Mali za Waasia Walioondoka ilivyogawa na kugawa tena majengo ambayo wenyewe walikwisha rejeshewa au kufidiwa. Mwezi Aprili 2007, maandamano ya kupinga sehemu ya msitu wa Mabira kupewa kiwanda cha sukari cha akina Mehta yalipogeuka ghasia mjini Kampala, Mhindi mmoja asiyehusika na sukari wala msitu aliuawa barabarani. Wenye maduka wa umri mkubwa walijua la kufanya siku ile: walishusha milango ya chuma na kuwapigia simu jamaa wa nje kabla ya kuwapigia polisi.

Leo zamu ya kutazamwa iko Kisenyi. Wasomali walianza kujaa katika mtaa huo wa Kampala baada ya dola yao kuvunjika mwaka 1991, na sasa wana maduka ya jumla, ofisi za kubadilisha fedha na kutuma hawala, vituo vya mafuta na malori. Wenyeji husema ni watu wa biashara kwa asili. Wengi wao kwao walikuwa wafugaji, askari, walimu na makarani. Mabomu ya tarehe 11 Julai 2010 yalipoua zaidi ya watu 70 waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia, na kundi la al-Shabaab likajitangaza kuhusika, mtaa mzima uliishi wiki kadhaa ukingoja kuona majirani wataamua nini. Majirani hawakufanya kitu, na hilo ni jambo la kuwasifu watu wa Kampala, ambao hatusifiwi mara nyingi.

Uganda inasifiwa duniani, na kwa haki, kwa Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inayompa mkimbizi ruhusa ya kutembea na kufanya kazi. Kati ya nchi za Afrika hakuna inayohifadhi wakimbizi wengi kuliko sisi. Wamepita milioni moja na nusu. Lakini sheria hiyo isomwe pamoja na Katiba ya 1995. Ibara ya 12 inampa aliyezaliwa Uganda nafasi ya kuandikishwa kuwa raia ila kwa masharti, mojawapo likiwa kwamba wazazi wake wala babu zake hawakuwa wakimbizi. Uraia wa kuzaliwa nao unamtaka mtu awe na mzazi au babu aliyekuwa raia wa kuzaliwa, au awe na mzazi au babu kutoka katika makabila yaliyoorodheshwa katika Jedwali la Tatu. Wanubi wamo katika orodha hiyo, Waasia wameomba kuingizwa na hawajaingizwa. Asiye raia hawezi kumiliki ardhi ya mailo. Anaweza kupangishwa kwa muda usiozidi miaka 99. Hawezi kupiga kura wala kugombea udiwani wa mtaa aliozaliwa.

Kijana wa Kisenyi, mzaliwa wa Mengo hospitali, anayezungumza Kiganda bila lafudhi na aliyemaliza chuo akiwa na shahada ya ualimu, atazunguka na cheti chake ofisi za ajira za serikali na kuulizwa kitambulisho cha taifa asichokuwa nacho. Leseni ya biashara ataipata. Mjomba wake wa Nairobi atampa mzigo wa kwanza kwa mkopo, na miaka ishirini ijayo, atakapokuwa na jengo lake, tutasema kwamba watu wa kwao huzaliwa wakijua kuuza.